Fungu la mbegu: shajara ya kufuga nzi chuma Muheza

Juni 9, 2024

Nimefungua daftari hili ili kila kitu kiwe na tarehe yake. Miradi iliyopita sikuiandika, na mengi niliyojifunza yamepotea.

Shamba letu liko nje kidogo ya Muheza mjini, mkoani Tanga, njia ya kwenda Amani. Ni ekari tatu na nusu za michungwa, minazi kumi na tisa, migomba, na banda la kuku chotara 60. Msimu mkubwa wa machungwa umepamba moto. Wanunuzi wanachagua: lililopasuka, lililodonolewa na ndege, lenye doa, yote yanabaki chini. Wiki iliyopita nilihesabu ndoo 22 za machungwa mabovu kwa siku nne. Huishia kwenye shimo nyuma ya jiko, pamoja na maganda ya ndizi na mihogo, machicha ya nazi na makoko ya ubwabwa. Shimo linanuka. Panya wamelizunguka, na nzi wanaotoka pale wanakuja moja kwa moja kutua juu ya kawa mezani.

Halafu kuna kuku. Pumba ninazo na mashudu ya alizeti yanapatikana, lakini dagaa wananimaliza. Bila dagaa vifaranga hawakui, na nikiwanunua dagaa faida haikui.

Kwa hiyo nataka kumfuga mdudu anayekula taka, kisha kuku wamle yeye. Kitaalamu ni Hermetia illucens. Wengi wanamwita nzi chuma, wengine nzi askari mweusi. Asili yake ni Amerika, ila ameshaenea nchi nyingi za joto, na huku bondeni nimemwona miaka yote nikimdhania nyigu. Ni mweusi, mwembamba, ncha za miguu nyeupe kama amevaa soksi, na kiunoni ana vidirisha viwili vinavyopitisha mwanga. Akishakuwa nzi mkubwa hana haja na chakula chetu. Huishi siku chache, hunywa maji, hujamiiana, hutaga, hufa. Anayekula ni buu, na buu huyo hula karibu kila kitu kilichooza.

Juni 10

Mama ameuliza nafanya nini na ndoo zote hizi. Nikamjibu nitafuga funza. Nilikosea kuchagua neno. Mama amekua wakati ambao watoto walikwenda shule wakichechemea kwa funza wa vidoleni, na yeye mwenyewe alichokolewa kwa pini na marehemu bibi. Akasimama mlangoni: "Mwanangu, nyumba hii tumeisafisha funza miaka mingapi, leo wewe unawarudisha?"

Nikakaa naye kibarazani nikamweleza kwamba hawa hawaingii mwilini mwa mtu, ni mabuu, na watakaa kwenye kibanda cha nyuma. Hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Haya, tutaona." Tangu leo katika daftari hili na ndani ya nyumba ni mabuu. Anayetaka kuanza mradi huu kwenye familia yenye wazee na aanze na neno hilo.

Juni 12

Sijanunua mayai kwa mtu. Nataka kuwavuta nzi wa hapa hapa, waliozoea hali yetu. Nimechukua ndoo ya lita 20, nimeitoboa chini maji yatoke, nikaweka kilo tatu za pumba za mahindi zilizolowekwa mpaka zikachacha, machungwa mabovu, na kichwa cha samaki kwa ajili ya harufu. Juu nimefunga vipande vya boksi, lile lenye vijitundu vya mstari pembeni, visiguse uchafu. Nzi huyu hatagi juu ya uozo wenyewe. Hutafuta ufa mkavu ulio karibu na chakula, ili mabuu wakitotolewa waangukie kwenye riziki yao. Nimefunika kwa kipande cha bati, ndoo iko chini ya mchungwa.

Juni 19

Ndoo imejaa mabuu, lakini si wale ninaowataka. Ni weupe, wembamba upande wa kichwa, wanakwenda mbio ukiwagusa: watoto wa nzi wa nyumbani. Buu wa nzi chuma ni bapa, ana pingili zinazoonekana, ngozi ngumu ya rangi ya kijivu, na mwendo wake ni wa taratibu. Kosa ni kichwa cha samaki. Nimewamwagia maji ya moto, nimeosha ndoo, nimeanza upya kwa pumba na matunda matupu.

Juni 26

Mayai! Kwenye vijitundu vya boksi kuna vishada vitatu vya rangi ya krimu, vimebanana kama punje za mchele zilizosagwa zikapangwa kwa mkono. Kila kishada ni kazi ya jike mmoja, na jike mmoja hutaga mayai mia tano hivi, pengine zaidi. Nimemwita mama aje kuona. Ameangalia kwa muda mrefu kisha akauliza kama yananuka. Hayanuki.

Juni 30

Wametotolewa baada ya siku nne. Ni wadogo hata macho yanachoka kuwatafuta, kama vumbi linalotembea. Wako kwenye beseni la pumba laini zilizochanganywa na chakula cha vifaranga na maji. Kipimo cha maji ni mkono. Ukifinya konzi moja, yatoke matone mawili matatu tu. Yakichuruzika, umezidisha. Nimefunika kwa khanga kuukuu.

Julai 6

Jana nilidhani wamepata nguvu, nikawahamishia kwenye kreti lenye machungwa niliyoyakata vipande. Alfajiri nimewakuta ukutani, sakafuni, kwenye mguu wa meza, wengine juu ya dumu la maji. Ndani ya kreti kulikuwa na supu ya machungwa yenye kina cha vidole viwili. Buu anapumua kwa upande wa nyuma. Ukimzamisha hukimbia au hufa. Na maganda ya machungwa yana yale mafuta makali yanayoruka ukilimenya tunda karibu na jicho, sidhani buu mchanga anayapenda.

Nimewaokota na watoto kwa vijiko mpaka saa nne asubuhi.

Julai 9

Utaratibu mpya wa machungwa: nayakata, nayakamua, nayaacha siku mbili juu ya chekeche yachuje, kisha ndoo nne za machungwa nachanganya na ndoo moja ya pumba na nusu ndoo ya machicha ya nazi. Machicha ndiyo yamenishangaza. Yananyonya maji na mabuu wanayafuata kama watoto wanavyofuata kashata. Maji ya machungwa niliyokamua namwaga kwenye shina la mgomba.

Tangu juzi hakuna aliyetoroka. Usiku ukiweka sikio karibu unawasikia wakila, sauti kama mvua nyepesi juu ya makuti.

Julai 21

Mavuno ya kwanza. Nimepima kwa mizani ya jikoni: gramu 240. Ni kidogo, lakini walianza kutoka vishada vitatu tu. Nimewasuuza, nimewamwaga bandani. Kuku 60 wamemaliza kabla sijasimama vizuri. Kijana wangu alipiga makofi. Mimi nilikuwa na furaha ya kweli, kwa sababu kitu kilichokuwa kinanuka shimoni nimekiona kikiingia kwenye mdomo wa kuku.

Masalia, ile mboji nyeusi ya chengachenga, nimeiweka kwenye kiroba kona ya kibanda.

Julai 24

Jioni mama kauliza kwa upole kabisa: "Na mbegu umeweka wapi?"

Sina. Wote 1,200 au 1,300 wameliwa. Mama alilima mahindi miaka arobaini na hakuna mwaka alioweka gunia lote jikoni. Kabla ya kukoboa, huchagua mabunzi mazuri na kuyaning'iniza juu ya moshi. Mimi niliyesoma kuhusu mdudu huyu kwa miezi nimesahau jambo ambalo yeye hajui kulisahau. Ndoo ya mtego nimeirudisha chini ya mchungwa.

Agosti 14

Wiki tatu kamili ndipo mayai yamepatikana, vishada vitano. Kipupwe kimekaza, usiku upepo wa Usambara unashuka na kipimajoto changu kimesoma nyuzi 19 alfajiri mara nyingi. Nzi wa mwituni wamekuwa wachache. Sasa naelewa kwa nini mfugaji hawezi kutegemea mtego. Ndoo chini ya mti hukupa mwanzo, ila haikupi ratiba, na kuku wanakula kila siku.

Nimeamua kundi hili lote ni fungu la mbegu. Hakuna hata mmoja anayekwenda bandani. Kijana wangu amelalamika kwa niaba ya kuku.

Septemba 9

Wamekuwa weusi. Buu akishiba huacha kula, ngozi hugeuka kahawia kisha nyeusi, na hutaka kutoka sehemu yenye maji kwenda pakavu. Nimeitumia tabia hiyo. Niliegemeza ubao mshazari kutoka ndani ya kreti hadi ukingoni, chini nikaweka beseni kavu. Usiku wanapanda wenyewe na kudondoka. Hakuna kuchekecha, hakuna kuchambua. Katika kazi zote za mradi huu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa mdudu anajileta.

Nimehesabu kwa mafungu ya mia: 1,900. Nimewaweka kwenye boksi la mbao lenye vumbi la makumbi, kavu, na nimefunika kwa gunia pawe giza. Humo watatulia bila kusogea mpaka wawe nzi.

Septemba 13

Nimefungua kile kiroba cha mboji ya Julai. Haina harufu ya uozo tena, inanukia udongo baada ya mvua. Nimeitia kwenye tuta moja la mchicha, tuta la jirani yake halina kitu.

Septemba 24

Nzi wa kwanza wametoka! Nilikuwa nimewatayarishia chandarua nilichokuwa nacho stoo, nimekitundika kwenye fremu ya fito, ndani kuna bakuli la maji lenye sponji na majani ya mgomba ya kutulia. Jioni waliingia kama mia mbili.

Septemba 25

Wote wamekufa. Wamelala sakafuni, miguu juu.

Ilinichukua asubuhi nzima kuelewa. Chandarua chenyewe ni cha dawa, kile cha kuzuia mbu, na dawa inayoua mbu haichagui. Nimekiosha, lakini sitakirudishia kazi hii. Kitakwenda juu ya kitanda cha watoto, ndiko kinakotakiwa. Nimekwenda dukani nimenunua neti ya pazia mita nane, fundi cherehani ameshona mfuko wenye zipu upande mmoja. Bahati ni kwamba mabuu hawabadiliki wote siku moja. Boksini bado kuna zaidi ya elfu na nusu.

Naliandika hili kwa urefu kwa sababu najua vyandarua vya dawa viko katika kila nyumba, na mtu wa kwanza kuanza mradi huu atavikumbuka kabla ya kukumbuka pazia. Tafadhali, visitumike.

Oktoba 1

Nzi wapo, wazima, mamia. Mayai hakuna. Nimeweka mbao nyembamba za kutagia, tatu tatu, zilizotenganishwa kwa vijiti vya kiberiti ili kuwe na nafasi ndogo katikati, juu ya bakuli la taka zilizochacha. Hazina kitu. Nzi wamekaa tu juu ya majani kama wanaosubiri gari.

Kibanda cha neti nilikiweka chini ya mwembe mkubwa, nikifikiri kivuli kitawafaa. Leo mchana nilikaa karibu saa nzima kuwatazama. Palipopenya miale kati ya majani, pale penye doa la jua, ndipo walipokuwa wakiruka wawili wawili. Kwingine kote kimya. Hawa hujamiiana kwenye mwanga wa jua. Kivuli changu kimewanyima harusi.

Nimekihamishia upande wa mashariki wa banda, kinapata jua la asubuhi mpaka saa tano, halafu kivuli cha paa. Maji nanyunyizia mara mbili kwa siku.

Oktoba 3

Gramu 0.9!

Mizani hii ndogo nimeinunua Tanga mjini, ni ya aina wanayotumia masonara. Gramu moja ya mayai ni kama mayai elfu arobaini, hivyo nilichokwangua leo kwenye mbao kwa kisu butu ni zaidi ya elfu thelathini. Kutoka siku mbili za jua.

Oktoba 9

Jumla imefika gramu 3.1 kwa wiki, na hapa hesabu imegeuka. Mwongozo wa taasisi ya Eawag ya Uswisi wa mwaka 2017 unapendekeza mabuu 10,000 wenye umri wa siku tano kwa kilo 15 za taka katika kreti moja, siku 12. Hata kama theluthi moja ya mayai yangu yataharibika, ninahitaji zaidi ya kilo 100 za taka. Machungwa msimu umekwisha. Shimo langu la nyuma ya jiko, lile lililonikera miaka yote, halitoshi!

Miezi miwili nimehangaika kutafuta mayai na nimewanyima kuku kundi zima kwa hofu, kumbe fungu la mbegu linalohitajika ni dogo mno. Nzi elfu na mia kadhaa, ambao wakiwa mabuu hawazidi bakuli mbili, wamenipa mayai kuliko ninavyoweza kulisha. Kinachotakiwa ni kulitoa fungu hilo kila wiki, bila kukosa, hata wiki ambayo kuku wana njaa na mkono unawasha.

Kwa sasa nimechukua gramu moja tu ya mayai. Mengine nimempa mzee mmoja wa Mkanyageni anayefuga bata, pamoja na maelezo yote ya neti.

Oktoba 12

Sisimizi wameingia kwenye beseni la mabuu wachanga usiku na wamebeba karibu nusu. Miguu ya meza sasa iko ndani ya makopo yenye oili chafu ya gari, na nimesogeza meza isiguse ukuta.

Oktoba 17

Nimekubaliana na mama lishe wawili wa karibu na stendi. Kila asubuhi kijana anapeleka ndoo mbili zenye mifuniko, zilizooshwa, na jioni anazichukua zikiwa na makoko, maganda, mabaki ya sahani na mboga zilizolala. Masharti ni mawili: kusiwe na plastiki, kusiwe na vijiti vya meno. Mmoja aliniambia, "Dada, mie nilikuwa namlipa mtu wa mkokoteni akamwage, wewe unanioshea na ndoo?" Kila mwisho wa wiki nawapelekea trei ya mayai wagawane.

Kinyesi cha kuku nacho mabuu wanakila vizuri, ila nimekitenga. Kreti la kinyesi ni la fungu la mbegu peke yake. Sitaki mabuu waliokua kwenye kinyesi cha kuku warudi tumboni mwa kuku na kurudisha maradhi.

Oktoba 29

Nimevuna makreti mawili.

Kreti la kwanza liliingia kilo 15: makoko ya wali na ugali, maganda ya ndizi, machicha, mboga. Wametoka mabuu kilo 2.3 na mboji kilo 5.1. Kilo zaidi ya saba zilizobaki hazipo tena, nyingi ni maji na mvuke.

Kreti la pili lilikuwa na maganda ya mihogo zaidi ya nusu. Kilo 15 zimetoa mabuu kilo 1.4, wadogo, na vipande vya maganda vimebaki jinsi vilivyokuwa. Kama mtu kwa chakula kimoja tu, buu naye hapati mwili. Maganda ya mihogo sitayaacha, ila hayatazidi ndoo moja kati ya tano, na nitayaanika kwanza.

Jambo jingine la kuandika ni joto. Siku ya saba nilichomeka kipimajoto katikati ya kreti la kwanza: nyuzi 38, na hewa ya kibandani ilikuwa 29. Joto lile ni la miili yao yenyewe. Tangu hapo sipandishi kina cha taka kupita vidole vinne.

Sehemu kubwa ya mabuu nimewachovya kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, nimewaanika juu ya mkeka wa ukindu siku mbili. Wamekauka wanavunjika mkononi kama karanga. Walio wabichi nawapa kuku asubuhi, lakini kwa kiasi. Buu ana protini nyingi na mafuta mengi pia, na kuku wa mayai akinenepa sana hutaga kidogo. Vikombe viwili vya mabuu weusi nimevitoa kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Kijana hakusema neno.

Novemba 8

Nimeiweka mboji mpya ya Oktoba kwenye matuta mawili ya mchicha na miche imeungua. Majani yamekunjamana, kingo zimekuwa za kahawia ndani ya siku nne. Tuta la Septemba, lililopata mboji ya kiroba cha Julai, tumekata mchicha mara tatu na bado unarudi. Mboji ni ile ile, tofauti ni wiki saba za kukaa. Ikitoka kwenye kreti bado ina moto na harufu ya mkojo. Sasa naiweka kwenye vyungu vikubwa vilivyopasuka, naifunika kwa majani ya mgomba, naigeuza kila wiki.

Novemba 16

Vuli imetulia juu yetu. Siku nne hakuna jua, na siku nne mbao za kutagia ni tupu. Ingekuwa Agosti, mradi ungekufa hapa. Lakini nina mabuu weusi wa wiki hii boksini, wa wiki iliyopita nao wameshatulia gizani, na wa wiki mbili nyuma wanatoka mmoja mmoja. Jua likirudi hata kesho kutwa, kuna nzi watakaolikuta.

Bati la kibanda linavuja kwenye kona. Kreti moja limelowa, mabuu wakaanza kupanda kuta. Maranda ya seremala yameokoa, nusu ndoo yamenyonya maji yote.

Novemba 20

Jua limetoka saa tatu. Kufika saa sita: gramu 0.7.

Novemba 24

Jioni mama alikuwa amekaa kibarazani akichambua mchele. Akasema, kana kwamba anaongea na ungo, kwamba siku hizi nzi hawamsumbui. Nimefikiri juu ya hilo. Shimo la nyuma ya jiko halipokei kitu tangu mwanzo wa Oktoba, kila ganda linakwenda kwenye makreti. Na mabuu wa nzi chuma wakishajaa mahali, nzi wa nyumbani hawapendi kutaga pale. Sikumwambia chochote. Nimelijaza shimo udongo leo na nimepanda mpapai.

Desemba 4

Hesabu ya Novemba. Taka zilizoingia ni kilo 212: za nyumbani na shambani 71, za mama lishe 141. Mabuu kilo 27, wabichi. Fungu la mbegu lilikuwa vikombe viwili kila wiki, hakuna wiki iliyorukwa. Dagaa tumeshuka kutoka kilo tano kwa wiki hadi mbili. Sijawaondoa kabisa, na sitawaondoa mpaka nione vifaranga wa Januari wanakua vipi. Mayai ya kuku hayajapungua. Gharama kubwa ya mwezi ilikuwa bati na misumari ya kona inayovuja.

Kuhusu vifaranga nina maandalizi haya: watakuwa 40, ishirini kwa dagaa na ishirini kwa mabuu makavu, pumba na mashudu sawa kwa wote, nitawapima kila Jumapili. Wenzetu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo Nairobi, wamefanya utafiti mwingi juu ya nzi huyu kama chakula cha mifugo na matokeo yao yananipa moyo, lakini nataka kuona kwenye banda langu, kwa pumba za mashine yetu.

Maembe yameanza kudondoka. Leo asubuhi jirani wa upande wa bondeni ameleta viroba viwili kwa baiskeli, yameiva yakapita, akauliza kama "wale wadudu wa mama" watayataka. Mama ndiye aliyempokea, akamwonyesha pa kumwaga, kisha akamfunulia gunia la boksi la giza aone mbegu.

Mbao tatu ziko juu ya beseni la pumba tangu jana. Kwa hesabu yangu watatotolewa Ijumaa.